Mkunazini tunafundisha soko. Shamba la karafuu tunalifundisha wapi?

Mtembeza_MjiMkongwe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Natembeza wageni Mji Mkongwe mwaka wa 14 sasa. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, napita mara nne, mara tano kwa wiki. Mwezi uliopita nilipata kundi nisilolipata mara nyingi: wanafunzi wa skuli kutoka Pemba. Walivuka na boti alfajiri, wengine kizunguzungu cha bahari bado hakijawatoka. Nikawatembeza kama ninavyowatembeza wageni wa nje. Tukashuka kwenye vile vyumba viwili vya chini vya jengo la St. Monica, vinavyosemwa waliwekwa watumwa, nikawatajia hesabu tunazozitaja siku zote: wanawake na watoto 75 huku, wanaume 50 kule. Tukaingia kanisani, nikawaonesha duara la marumaru mbele ya madhabahu, pale panaposemwa palisimama mti wa kuchapia watu. Nikawaonesha msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, huko Zambia, ulipozikwa moyo wa mmisionari Livingstone. Tukamalizia kwenye shimo lenye sanamu za Clara Sörnäs zilizowekwa 1998, watu watano na minyororo shingoni.

Hapo msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza: "Ami, hawa walikuwa wakinunuliwa wende wakafanye nini?"

Nikampa jibu lililo mdomoni siku zote: Arabuni, Uajemi, visiwa vya Wafaransa. Akaniangalia kidogo, akasema: "Na wale walionunuliwa na watu wa hapa hapa, walikaa wapi?"

Wallahi sikuwa na la kusema. Miaka 14, na sina sentensi hata moja niliyoiandaa kwa swali hilo. Mwalimu wao akanisaidia, akasema "mashambani", tukaondoka kwenda Forodhani kula.

Usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee, na nataka niliweke hapa ninaloliona. Mkunazini inafundisha namna mtu alivyouzwa. Kwa nini alitakiwa, haifundishi. Ukimuonesha mtoto mnyororo bila ya kumuonesha mkarafuu, ataondoka akiamini utumwa ulizaliwa na roho mbaya za watu fulani, basi. Roho mbaya zilikuwepo. Lakini roho mbaya peke yake haimtoi mtu Ziwa Nyasa ikamfikisha Kilwa kwa miguu, kama mwisho wa njia hakuna mwenye fedha anayemngoja.

Na waliokuwa wakingoja walibadilika. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wa mashamba ya Wafaransa kwenye kisiwa ambacho leo tunakiita Mauritius, na Réunion jirani yake. Makoloni yale yalikuwa yakiwameza watu wa mwambao wetu zamani hata kabla Seyyid Said, Sultani wa Oman, hajahamia Unguja. Kisha 1822 Seyyid Said akasaini na Kapteni Moresby, Mwingereza, makubaliano ya kutowauzia Wakristo watumwa. Soko la Wafaransa likabana. Watu waliokuwa wakishushwa Unguja wakapatiwa kazi nyengine, na kazi hiyo ilikuwa imeshaanza kuota: mkarafuu. Mbegu zake zililetwa kutoka kisiwa hicho hicho cha Réunion, na anayetajwa kuzileta ni Saleh bin Haramil, kwenye miaka ya 1810. Yaani njia iliyopeleka watu ndiyo iliyorudi na mche. Hili mimi sikuwahi kulisikia likisemwa mbele ya mgeni, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Seyyid Said akayachukua mashamba ya Kizimbani, akahimiza kila mwenye shamba apande. Wazee husimulia kwamba aliamrisha mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Mwaka 1845 Waingereza wakamsainisha tena, safari hii kuzuia watumwa kupelekwa Arabuni. Lakini kati ya Kilwa na Lamu, ndani ya himaya yake, biashara ikaachwa ipite. Na visiwa vyetu viko katikati hapo hapo. Kila mlango wa nje ukibanwa, watu wanazidi kubaki ndani, chini ya karafuu.

Sasa mgeni akija kwa ziara ya viungo tunampeleka Kizimbani, tunamnusisha mdalasini na hiliki, kijana anapanda mnazi huku anaimba. Mimi ziara hiyo nimeifanya mara nyingi sana. Sijawahi kulitaja neno mtumwa nikiwa nimesimama chini ya mkarafuu. Mjini nalia naye, shamba namnusisha viungo. Nauliza wenzangu: tufanyeje?

Mwalimu_ChakeChake

Waalaykum salaam ndugu yangu. Mimi si yule mwalimu uliyekutana naye, lakini nasomesha historia huku huku Pemba, na nimefurahi kwamba swali limetoka kwa mtoto wa kisiwa hiki.

Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, huku kwetu kikapita kwa upole. Baada ya hapo karafuu ikawa Pemba. Mwaka wa pili yake, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Seyyid Barghash anasaini mkataba wa kufunga soko la Mkunazini na kuzuia watumwa kupitishwa baharini. Weka mambo hayo mawili pamoja uone: soko limefungwa Unguja wakati Pemba ndiyo kwanza inahitaji mikono. Ndiyo maana madau yaliendelea kuingia usiku kwenye hori zetu, na Waingereza wakaweka manowari yao iliyoitwa London bandarini Unguja miaka chungu nzima ili kuyasaka. Kwa mgeni wa Mkunazini 1873 ni mwisho wa hadithi. Kwa Pemba ndiyo katikati yake.

Mimi darasani siku hizi sianzi na soko. Naanza na kazi ambayo wanafunzi wangu wanaijua kwa mikono yao. Nawauliza: karafuu huchumwa lini? Wote wanajibu: kabla haijafunguka. Ikifunguka? Imeharibika, bei hakuna. Mkarafuu unangoja? Haungoji. Ukishachuma, unachambua makonyo, unaanika kwenye majamvi, mvua ikija unaanua mbio, ikipita unaanika upya. Basi nawauliza: wewe una mikarafuu 3,000, umekaa miaka sita au saba unaingoja izae, na mavuno yakija yanakuja kwa pamoja. Utataka mfanyakazi wa namna gani? Darasa linanyamaza. Mmoja anasema taratibu: "Asiyeweza kuondoka."

Hapo ndipo ninapofungua kitabu. Nawaeleza namna shamba lilivyopangwa: msimamizi juu, chini yake nokoa, kisha kadamu, na hawa wawili mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Nawaeleza kwamba mtumwa wa shamba Unguja kwa desturi alikuwa na Alhamisi na Ijumaa zake na kipande cha ardhi apande mhogo wake, na msimu wa kuchuma ukifika siku hizo zikaliwa. Wanafunzi wanashangaa. Walitarajia mnyororo mguuni kutwa. Nawaambia mhogo ule ulikuwa mnyororo pia, kwani mwenye shamba aliokoa gharama ya kumlisha, na mtumwa akiondoka anaacha konde lake na nyumba yake.

Mjukuu_wa_Shangani

Nimesoma yote kwa makini, na nitasema lililo moyoni.

Ukoo wetu una damu ya Oman, na baba wa babu alikuwa na shamba. Sikatai. Nilipokuwa mdogo, siku tuliyosomeshwa biashara ya watumwa, wakati wa mapumziko wenzangu walinizunguka wakaniita majina. Nilikuwa na miaka tisa. Niliacha kula skuli kwa wiki nzima. Kwa hivyo nikiona uzi wa namna hii roho inanidunda, na hasa kwa yaliyotokea hapa 1964, wakati wa Mapinduzi. Historia hii imeshamwaga damu.

Na kuna jambo hamjaligusa. Hadithi ya Mkunazini imeandikwa na nani? Jiwe la msingi la kanisa la wamisionari wa Kiingereza pale Mkunazini liliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache tu soko limefungwa. Toka siku hiyo hadithi ni moja: Mwarabu kauza, Mwingereza kakomboa. Lakini Mwingereza huyo alipoifanya Zanzibar himaya yake 1890 hakuufuta utumwa. Aliungoja mpaka 1897, na alipoufuta akalipa fidia kwa mabwana, si kwa watumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe, aoneshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Kwa nini? Kwa sababu serikali nayo ilikuwa ikila ushuru wa karafuu. Hilo mbona haliko kwenye ziara?

Mtembeza_MjiMkongwe

Ndugu yangu wa Shangani, ahsante kwa kusema hili bila hasira. Ya mtoto wa miaka tisa yamenigusa, na nakiri kwamba hata mimi nimeshazisema sentensi ambazo mtoto kama huyo akizisikia zitamuumiza.

Lakini naona unanitilia nguvu. Mnyororo unatafuta mwovu mmoja wa kuushika. Shamba linauliza: nani alikula? Na walioshiriki sahani ile ni wengi. Mwenye shamba alikula. Aliyekodi forodha, yaani haki ya kutoza ushuru wa bandari, alikula, miaka mingi ikiwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji wa Kutch. Wakuu wa bara waliouza mateka wao walikula. Waliokopesha mtaji wa misafara walikula. Na Mmarekani alikula: mkataba wao na Seyyid Said ni wa 1833, balozi wao mdogo alifika 1837, na kitambaa kile ambacho bibi zetu walikiita amerikani kilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kisha kikaja huku, kikapanda bara, kikanunua pembe za ndovu na watu. Mtumwa wa kule alilima uzi uliomnunua mtumwa wa huku. Nikimueleza hivyo mtoto, sidhani kama atapata wa kumzunguka wakati wa mapumziko.

Bint_Ngambo_ughaibuni

Hapo kwenye pamba mmenitoa mafichoni. Mimi mzaliwa wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, nakaa Virginia, Marekani, mwaka wa nane sasa. Majira ya joto nilimpeleka mwanangu Jamestown, koloni la kwanza la Waingereza lililodumu huku, la 1607. Nilikwenda nikitarajia vyumba vya giza kama vya kwetu. Sikuvikuta.

Nilichokikuta ni tumbaku. Walowezi wale walikuwa wakifa njaa mpaka walipopata zao la kuuza, na tumbaku inataka mikono kila siku. Mwanzo mikono hiyo ilikuwa ya Waingereza maskini waliofungwa kwa mkataba wa miaka. Mwisho wa Agosti 1619 meli White Lion ikafika Point Comfort na Waafrika 20 na kidogo, watu wa Angola walioporwa kutoka kwenye meli ya Wareno. Katika sensa ya 1625 kuna jina la mwanamke mmoja Mwafrika wa siku zile, Angela, aliyekuwa nyumbani kwa Kapteni William Pierce. Wachimbuaji wameuchimba uwanja wa nyumba hiyo. Ukisimama pale unaambiwa: hapa aliishi Angela. Hakuna mnyororo. Kuna udongo na jina.

Kilichonikamata zaidi ni namna wanavyokuonesha utumwa ukitengenezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1640 watumishi watatu walitoroka wakakamatwa. Wawili wa Ulaya waliongezewa miaka minne, wa tatu, John Punch, Mwafrika, akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Mwaka 1662 ikapitishwa sheria: mtoto atafuata hali ya mama yake. Maana yake bwana akizaa na mtumwa wake, amejizalia mali. Nilimtazama mwanangu pale, nikahisi baridi ingawa jua lilikuwa kali.

Sisemi kwamba huku wamemaliza. Ziko nyumba za mabwana ambako utaoneshwa sahani na mapazia saa nzima, watumwa wakatajwa mlangoni unapotoka. Lakini pale Jamestown niliona inawezekana kumfundisha mtoto asili ya jambo kupitia zao, jina la mtu na karatasi ya sheria.

Bibi_wa_Kikwajuni

Wanangu, mjukuu ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu.

Mama Ngambo ametaja sheria ya mtoto kufuata mama. Kwetu haikuwa hivyo, na lazima liwekwe sawa. Suria akizaa na bwana wake, na bwana akamkubali mtoto, mtoto ni huru, anamrithi baba yake sawa na watoto wa mke wa ndoa, na mama hauzwi tena. Ndiyo maana masultani wengi hapa mama zao walikuwa masuria. Watu wanalichukua hilo wanasema basi utumwa wetu ulikuwa laini. Hakuna aliyemuuliza suria. Sheria ya 1897 iliwaacha masuria nyuma, wakangoja mpaka 1909.

Bibi yake mama yangu alikuwa mzalia. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, mzalia, kwa sauti ya chini, kama unataja maradhi. Alizaliwa shambani kwa wazee walioletwa. Alipohamia Ng'ambo alijifunza kuvaa buibui, akajiita Mswahili, na nyumbani ilikatazwa kumuuliza kabila lake. Nimelijua baada ya mama kufa. Siti binti Saad naye alitoka Fumba kwenye watu wa namna hiyo, akaja mjini akawa Siti, na watu wanapenda nyimbo bila ya kuuliza kwa nini alilazimika kutafuta jina.

Mimi vile vyumba vya Mkunazini nimeingia mara moja. Sikumuona bibi yake mama mule. Yeye hakupita kuondoka. Alibaki. Mimi ndiye ushahidi.

Mpekuzi_wa_Nyaraka

Shikamoo bibi. Maneno yako yanatosha kuwa uzi peke yake.

Nataka kuongezea jambo juu ya vyumba hivyo, maana nafanya utafiti kwenye Hifadhi ya Nyaraka, Kilimani, na linanisumbua. Soko lilifungwa Juni 1873. Jengo la St. Monica lilijengwa na misheni miaka mingi baadaye, kwa kazi ya hospitali. Wanahistoria wameshalieleza hili, kwamba vyumba vya chini vya jengo hilo kuviita gereza la watumwa wa sokoni ni jambo lenye shaka kubwa. Kisiwa cha Gorée, Senegal, nacho kina mjadala wa namna hiyo juu ya nyumba yake mashuhuri. Mtembeza, unapowashusha watu mule na kuwatajia 75 na 50, unawaambia hayo?

Mtembeza_MjiMkongwe

Siwaambii. Nilikuwa nasema moyoni kwamba nikiwaambia nitawapunguzia uchungu, na uchungu ndio unaowafanya wakumbuke. Sasa naona nilikuwa nakosea vibaya. Mtoto akija kugundua mwenyewe ukubwani kwamba chumba si chenyewe, atadhani na watu walikuwa hadithi. Maonesho yaliyofunguliwa pale 2016 yamejitahidi, yana maelezo ya kina ukutani. Tatizo ni sisi watembezaji, tunawapitisha watu mbele ya maandishi mbio ili tuwahi chumbani.

Mwana_Mangapwani

Salaam. Mimi ni wa Mangapwani. Kile chumba chetu cha kwenye mwamba ni cha baada ya marufuku ya 1873, cha kufichia watu mpaka madau yapate nafasi. Wageni wanashuka ngazi, wanapiga picha, wanapanda, wanauliza pango la maji liko wapi. Dakika kumi. Laiti wangeambiwa kwamba sheria ilishapitishwa na watu bado wakafichwa chini ya ardhi kwa sababu karafuu ilikuwa inalipa! Hakuna mahali pazuri pa kulifundisha hilo kuliko pale. Na Mbweni musiisahau, walikowekwa waliokombolewa na misheni, wakajengewa kanisa na skuli. Leo watu wanapita magofu wakidhani ni ya kasri.

Mtembeza_MjiMkongwe

Narudi baada ya wiki tatu, kama nilivyowaahidi wengine kwenye ujumbe.

Mwalimu_ChakeChake alinikutanisha na skuli ya yule msichana, nao walikuwa na safari nyengine ya Unguja. Nikaomba niwatembeze bure. Safari hii nimegeuza njia. Tumeanza Kizimbani, asubuhi, umande bado uko. Nimewaweka chini ya mkarafuu, nimewauliza maswali ya mwalimu yale yale, na wamenyamaza pale pale alipotuambia hunyamaza. Nimewaambia mche huu ulitoka wapi na watu walipelekwa wapi. Nimewatajia nokoa na kadamu, Alhamisi na Ijumaa. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa akianika, akasogea, akasikiliza, kisha akawaonesha kwa mkono upande ambao baba yake alimwambia zilikuwepo nyumba za watumwa. Sasa pana migomba. Hilo mimi sikulijua, na nimepita pale mara ngapi.

Kisha Mangapwani. Kisha mjini, Mkunazini mwisho. Mule chumbani nimewaambia ukweli wa jengo, lilijengwa lini na kwa kazi gani, na kwamba soko lenyewe lilikuwa nje hapo juu, uwanja mzima tuliousimama. Hakuna aliyepungukiwa na uchungu. Mmoja aliniuliza kwa nini basi vibao vya njiani vinasema vyengine, tukalizungumza hilo kwa muda.

Yule msichana alikuwa kimya safari nzima. Kwenye shimo la sanamu akaja karibu yangu, akasema: "Ami, bibi yangu ana mikarafuu kumi na moja kwetu Pemba, huko Konde. Nitamuuliza nani aliipanda."

Bibi wa Kikwajuni, nimemuahidi kwamba akipata jibu nitakuletea. Na kama utakubali, wanafunzi wanaofuata nataka niwalete barazani kwako kabla ya kwenda kokote.

Bibi_wa_Kikwajuni

Walete baada ya alasiri. Nitapika mhogo wa nazi.